Waayyubi: Ukoo wa Kikurdi Uliogawana Dola kama Mirathi

Salahuddin, sultani wa Misri na Sham (eneo la Syria) katika karne ya 12, anajulikana. Baba yake, Najmuddin Ayyub, hatajwi sana, ingawa yeye ndiye aliyeupa ukoo mzima jina la Waayyubi. Walikuwa Wakurdi wenye asili ya Dvin, mji wa Armenia.

Walipanda kupitia jeshi la wengine. Nuruddin, mtawala wa Sham, alimtuma Misri jemadari wake Shirkuh, ami yake Salahuddin. Mwaka 1169 Shirkuh akapata uwaziri wa Misri, akafariki baada ya takriban miezi miwili, na cheo kikaangukia kwa mpwa wake. Mwaka 1171 Salahuddin aliufuta ukhalifa wa Wafatimi, ukoo wa Kishia uliotawala Misri. Tarehe 2 Oktoba 1187, miezi mitatu baada ya kuwashinda Wapiganaji wa Msalaba katika vita vya Hattin, akaingia Baitul Maqdis (Yerusalemu), uliokuwa mikononi mwao.

Masimulizi mengi hukomea hapo. Kwangu mimi, utamu uko mbele. Waayyubi waligawana miji kama warithi wanavyogawana mashamba: huyu Kairo, yule Damascus, mwingine Halab (Aleppo), na Yemen nayo, iliyotekwa na Turanshah, kakake Salahuddin, mwaka 1174. Mkubwa wao aliheshimiwa kwa kadiri ya nguvu zake tu. Salahuddin alipofariki mwaka 1193 wanawe waligombana, ami yao al-Adil akaishia kuwapokonya. Kisha watoto wa al-Adil nao wakashikana mashati. Al-Kamil wa Misri alimhofia mno nduguye wa Damascus hata akatafuta urafiki na Frederick II, mfalme wa Kikristo kutoka Ulaya, na mwaka 1229 akamkabidhi Baitul Maqdis kwa mkataba, bila vita. Waislamu wengi wa zama zake walimlaani.

Kwa kuwa jamaa hawakuaminika, al-Salih, mwana wa al-Kamil, alinunua mamluki, yaani watumwa wa kijeshi. Alifariki mwaka 1249, jeshi la Ufaransa likiwa ndani ya Misri. Mkewe, Shajar al-Durr, akakificha kifo hicho. Mwaka uliofuata mamluki wakamuua mrithi wa al-Salih na kumtawaza Shajar al-Durr mwenyewe.

Sisi Mashafi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayo sababu ya karibu ya kuwakumbuka. Salahuddin alijenga madrasa kando ya kaburi la Imamu Shafi, Kairo. Kuba inayolifunika leo ilijengwa mwaka 1211 na al-Kamil, yule yule wa mkataba, na mama yake amezikwa chini yake.