Seva ikielemewa, usikimbilie kununua kubwa zaidi

Nahudumia mifumo ya wateja wachache hapa Mbeya. Kila msimu wa matokeo ya mitihani, simu zinaanza saa mbili asubuhi: "Kaka, tovuti haifunguki, ongeza seva." Nyuma ya simu hizo nakutana na imani hizi tano potofu kuhusu seva na kanzidata, yaani programu inayohifadhi na kutafuta data.

"Miunganisho ikiwa mingi, kanzidata inakimbia zaidi."
Hii imenitesa kuliko zote. Kanzidata ya PostgreSQL huja na kikomo cha miunganisho 100, yaani njia za programu kuzungumza nayo kwa wakati mmoja; ya MySQL 151. Fundi akiona nafasi zimejaa, anapandisha hadi 1,000 na kwenda kunywa chai. Lakini kwenye PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato wake, unakula kumbukumbu yake, na prosesa yenye kori nane inachapa kazi nane kwa wakati mmoja, basi. Waliobaki wanasukumana. Aliyewahi kukwama mlima Kitonga anaelewa: lori likizimika konani, kuruhusu mengine ishirini yapande hakufungui njia. Foleni ikae chini ya mlima. Kazi hiyo hufanywa na PgBouncer, programu inayokaa mbele ya PostgreSQL na kupanga foleni: maombi mia tano yanasubiri nje, ishirini yanaingia, na shughuli inaisha mapema.

"Mashine kubwa itamaliza tatizo."
Shule moja ilinunua RAM mara mbili ya ile ya awali, ukurasa wa matokeo ukaendelea kuchukua sekunde tisa. Nilipotanguliza EXPLAIN, amri inayoonyesha kanzidata inavyotafuta jibu, kwenye ulizo la ukurasa ule, nikaona linasoma jedwali zima, mstari kwa mstari, kutafuta namba moja ya mtahiniwa. Safu ile ya namba haikuwa na faharasa, orodha ya kutafutia haraka kama ya nyuma ya kitabu, na mwenye kosa ni mimi. Amri moja tu ya kuiunda, CREATE INDEX, ukurasa ukafunguka papo hapo. RAM bado ipo, inatazama.

"Ikigoma, bonyeza tena."
Kila bonyezo ni ombi jipya, na la kwanza mara nyingi bado linasagwa huko nyuma. Programu inayorudia ombi isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kuongeza muda kidogo wa kubahatisha ili simu zote zisirudi kwa pamoja. Matokeo yenyewe hayabadiliki kila dakika. Yageuze kurasa tuli, yaani faili zilizokwisha andaliwa, na Nginx, programu ya kugawa kurasa za wavuti, izigawe bila kugusa kanzidata.

"Tovuti kuwa hewani asilimia 99.9 ni sawa na mia."
Hiyo 0.1 iliyobaki ni zaidi ya saa nane za kutofunguka kwa mwaka. Zikiangukia asubuhi ya matokeo, mzazi wa Uyole hatakuuliza asilimia.

"Nina seva ya pili inayonakili ya kwanza, bekapu ya nini?"
Futa jedwali kwa bahati mbaya, na ya pili inafuta vilevile, kwa utiifu kabisa. Mimi natunza bekapu ya kila usiku nje ya jengo, na kila mwisho wa mwezi nairejesha kwenye laptopu kuukuu nione kama inafunguka. Mwezi Machi iligoma: diski ilikuwa imejaa wiki mbili, faili zote za karibuni zikiwa na baiti sifuri.