Kabla hujasambaza picha ya mateka, uliza familia yake kwanza

Kampeni ya tarehe 19 Agosti, siku ya wahudumu wa kibinadamu duniani, inapokaribia meseji huanza kumiminika, watu wanauliza wafanye nini ili wafanyakazi wa misaada waliotekwa vitani waachiwe. Nia ni nzuri, hilo sina wasiwasi nalo. Shida ni kwamba mtu anachukua klipu iliyotolewa na watekaji wenyewe, anairusha kwenye magrupu ya wasapu na maneno "jamani tumwombee", hajui kwamba hicho ndicho watekaji walikuwa wanakitaka, kila ikisambaa yule mtu anazidi kuwa na thamani kwao na kumtoa kunazidi kuwa kugumu.

Oktoba 2013 nesi wa New Zealand, Louisa Akavi, alitekwa Idlib kule Syria pamoja na madereva wawili Wasyria, wote wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Jina la Louisa halikutangazwa mpaka Aprili 2019, na waandishi wa habari waliokuwa wanajua walikubali kunyamaza miaka yote hiyo. Kwa hiyo tafadhali, ule usemi wa "mbona wamekaa kimya, wamewatelekeza" tuuache. Ukimya mara nyingi ndiyo kazi yenyewe inafanyika.

Lakini siyo kila mara. Machi 2018 wakunga wawili waliokuwa wakifanya kazi na Kamati hiyohiyo, Saifura Khorsa na Hauwa Liman, walitekwa Rann, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Saifura aliuawa Septemba. Oktoba muda uliowekwa na watekaji ulipokuwa unaisha, Kamati ikatoka hadharani kuomba Hauwa aachiwe. Aliuawa naye, akiwa na miaka 24. Siwezi kusoma habari hiyo nikabaki sawa. Nisichokubali ni mtu kusema ombi halikuwa na maana, waliokuwa karibu na kesi waliona hakuna njia nyingine iliyobaki, na ni wao tu wangeweza kujua hivyo, mimi na wewe hatukuwepo.

Na hii ya "nani alimtuma kwenda vitani"? Wengi wanaotekwa ni wenyeji, manesi na madereva wa hapohapo, vita ndiyo iliwafuata nyumbani.

Kisheria hakuna utata. Kifungu cha 3 kinachojirudia kwenye Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, yaani sheria za vita, kinakataza kuchukua mateka hata kwenye vita vya ndani ya nchi, na kinalifunga pia kundi la waasi, siyo serikali peke yake. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Nne kinarudia katazo hilo. Kwenye Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), ni uhalifu wa kivita, kifungu cha 8, na adhabu iko kifungu cha 77: kifungo kisichozidi miaka 30, au maisha kama uzito wa kosa unastahili, na juu yake faini na kunyang'anywa mali iliyotokana na uhalifu. Upo pia Mkataba wa 1979 dhidi ya utekaji, ambao unaitaka nchi aliyeko mtuhumiwa imshtaki au imkabidhi kwa nchi nyingine, ila kifungu chake cha 12 kinauweka pembeni pale Mikataba ya Geneva inapohusika.

Michango ya kikombozi, naomba sana, achaneni nayo. Azimio namba 2133 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Januari 2014, linazitaka nchi zizuie magaidi wasinufaike na fedha hizo, na wewe uliyefungua grupu la kuchangisha unaweza kujikuta unahojiwa kwa kufadhili ugaidi.

Ukitaka kupaza sauti, uliza familia au shirika lake kwanza. Wakikubali, tumia maneno waliyokupa, usiongeze. Ombi linaelekezwa kwa wanaomshikilia, kwa heshima bila matusi, linataja kazi yake na watu aliowahudumia, linaomba apate dawa na barua za nyumbani. Usiandike dini yake, mali ya ndugu zake, wala kwamba aliwahi kuwa jeshini, maana watekaji nao wana simu na wanasoma. Viongozi wa dini na wazee wanaosikilizwa eneo lile wana uzito kuliko posti zetu elfu, kama unafahamiana na mmoja wao, waambie shirika.

Na kama klipu ulishairusha, ifute leo, kisha uwaandikie mmoja mmoja uliowatumia nao wafute.