Mzee hana homa, kwa hiyo mzima? Dhana za wodini Tabora na ukweli wake

Saa ya kuona wagonjwa ndugu huingia wodini na chupa za uji na ushauri wao. Wengine wametoka mjini hapahapa, wengine wamesafiri kutoka Kaliua au Sikonge. Uji mara nyingi ni mzuri. Ushauri ndio wa kuchuja, maana mwingi umejengwa juu ya wazo kwamba mtu akishakuwa mtu mzima mwili wake haubadiliki tena, na kilichomfaa akiwa na miaka 25 kitamfaa akiwa na 80.

Dhana: "Babu hana homa, ni uzee tu unamsumbua."

Hii ndiyo inayotuletea wazee wakiwa wamechelewa. Kijana mwenye nimonia huchemka, hutetemeka, hukohoa hadi jirani asikie. Mzee anaweza kuwa na nimonia ileile na kipimajoto kikasoma nyuzi 36.8. Kwake ugonjwa hujitokeza kwenye akili na mwendo. Juzi aliwajua wajukuu wote; leo anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake, amekataa kula, ameanguka akielekea chooni. Akili ikivurugika hivyo ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Nyuma yake huwa kuna maambukizi ya mapafu au mkojo, malaria, sukari iliyoshuka, kupungukiwa maji, au hata dawa aliyoanzishwa karibuni.

Nesi akiambiwa "amebadilika tangu juzi" atahesabu pumzi kwa dakika nzima, atapima sukari, ataulizia mkojo. Lakini yeye hamjui huyo babu. Alivyokuwa wiki iliyopita hakumo kwenye faili, mnakujua ninyi mnaoishi naye, kwa hiyo semeni bila kungoja kuulizwa.

Kusahau kunakoingia polepole kwa miaka ni jambo jingine: ni ugonjwa wa ubongo, na mwenye nao huweza kutembea usiku au kuzungumza peke yake. Hapa niseme wazi, kwa kuwa tuko Unyamwezini na tunajua yaliyotokea. Katika mikoa hii ya magharibi na ile ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni ya mtu aliyepuliza kuni jikoni tangu utotoni. Anahitaji kliniki ya macho.

Dhana: "Vidonda vya kulalia ni vya wazee, na dawa yake ni asali."

Kijana wa bodaboda aliyeumia uti wa mgongo huvipata vilevile. Chanzo ni mgandamizo: nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa. Huanzia kwenye mfupa wa mkia, nyonga na visigino. Umri huongeza hatari kwa kuwa ngozi imekuwa nyembamba na mafuta ya chini yake yamepungua.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tumia mkono: gusa uone kama pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au laini isivyo kawaida, au pameiva rangi ya zambarau. Ukipaona hapo, usipasugue. Kuchua huzidi kuharibu nyama iliyokwisha kuumia.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Muwe wawili, mmnyanyue kwa shuka. Kumburuta kunachuna ngozi. Kanga iliyokunjwa na kuwekwa chini ya mashavu ya miguu inaacha visigino vikielea. Akijikojolea, abadilishwe palepale.

Na asali? Najua Tabora huwezi kuitukana asali ukaeleweka. Kweli inavuta majimaji, ina uchachu, na inazuia bakteria. Hospitali nyingine duniani huitumia kufungia vidonda. Ila hiyo imetakaswa kwa mionzi. Ya kwenye chupa kutoka sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria, na hata iliyo safi haina kazi kama mgonjwa bado amelalia kidonda chenyewe.

Dhana: "Presha imeshuka, dawa basi."

Imeshuka kwa sababu ya dawa. Wanaosema hivi huwa ni watu wa makamo, wenye miaka 40 au 50, wenye nguvu zao na mambo mengi, na presha haiwaumi popote hadi siku ya kiharusi. Kipimo cha 140/90 kikijirudia siku tofauti kinahesabika kuwa presha ya juu, mradi umepimwa ukiwa umekaa kimya dakika 5, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Uliyepimwa ukihema kutoka stendi, rudia.

Kwa mzee kuna kipimo cha pili ambacho wengi husahau: kumpima akiwa amelala, kisha akisimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, huenda ndiyo maana anaanguka alfajiri. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na daktari aelezwe ili aziangalie dawa zake.

Dhana: "Mama alishakoma hedhi, sasa imerudi."

Hairudi. Damu baada ya mwaka mzima bila hedhi inahitaji uchunguzi wiki hiyohiyo, kwani saratani ya kizazi au ya mlango wake ni mojawapo ya sababu.

Dhana: "Wakimwandikia mofini, ndiyo safari."

Mofini ni dawa kali ya maumivu, na ya kunywa ikipimwa vizuri haifupishi maisha. Inamwezesha mgonjwa wa saratani kulala, kula na kuongea na watoto wake. Hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kumsubiri alie. Kinachowasumbua wengi ni choo kufunga, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku ileile.