"Roho Atanipa la Kusema", na Dhana Nyingine Zinazodhoofisha Masomo ya Akina Mama

Wiki hii nimepigiwa simu na dada aliyepangiwa kufundisha kwenye kongamano la wanawake. Zilikuwa zimebaki siku sita. Nikamwuliza amefikia wapi na somo, akanijibu kwa furaha: "Mama, mimi huwa siandiki kitu. Nikishasimama pale, Roho atanipa la kusema." Nimewaandaa wanenaji wa akina mama kwa miaka mingi, na hakuna jibu nililolisikia mara nyingi kuliko hilo. Nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo naliandika.

Wanaoshikilia dhana hii huegemea mistari miwili. Wa kwanza ni Mathayo 10:19, "mtapewa saa ile mtakayosema." Anza kusoma mstari wa 17. Yesu anasema na wanafunzi watakaopelekwa mabarazani, watakaopigwa katika masinagogi, watakaosimamishwa mbele ya maliwali na wafalme. Ni ahadi kwa mshtakiwa asiyejua ataulizwa nini. Mwalimu aliyepewa kifungu, tarehe na mwezi mzima wa kujiandaa hayumo katika hali hiyo, na akijiweka humo anawanyang'anya ahadi yao ndugu ambao kweli wako mahakamani kwa ajili ya imani.

Wa pili ni Zaburi 81:10, "Fumbua sana kinywa chako, nami nitakijaza." Nimewasikia wanenaji wakiuombea mstari huu dakika chache kabla ya kupanda jukwaani. Lakini mstari wenyewe unaanza kwa kumtaja Bwana aliyewapandisha Israeli toka Misri, na zaburi inafungwa katika mstari wa 16 kwa unono wa ngano na asali itokayo mwambani. Kinywa kinachofumbuliwa hapo ni cha mtu anayelishwa, kama kinda anayemsubiri mama yake kiotani. Mhubiri hatajwi popote.

Roho Mtakatifu hutusaidia jukwaani, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Ila angalia Yohana 14:26 inavyosema kazi yake kwa mitume: kuwafundisha, na kuwakumbusha yote aliyowaambia Yesu. Walikumbushwa walichokuwa wamekisikia. Luka anasema alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo ndipo akaandika kwa taratibu. Ezra aliuelekeza moyo wake kuitafuta sheria, kisha kuitenda, kisha kufundisha, kwa mpangilio huo. Paulo naye, akiwa kifungoni na siku zake zikikaribia mwisho, anamwomba Timotheo amletee joho lake na vile vitabu, "hasa vile vya ngozi." Kama kuna mtu angeweza kudai hahitaji tena vitabu, ni yeye.

Kinachoniuma zaidi ni wasikilizaji. Mtu asiyejiandaa hasemi mapya. Husema yale anayoyasema kila mara. Nimewahi kumsikiliza mnenaji mmoja mara tatu, kwa vifungu vitatu tofauti, na somo lilikuwa lile lile. Mara ya tatu pembeni yangu alikaa mama mmoja na daftari jipya. Aliandika kichwa cha somo, akakipigia mstari kwa rula, akaandika rejea ya Biblia chini yake, akasubiri. Kipindi kilipokwisha ukurasa ulikuwa vile vile. Alifunga daftari kalamu ikiwa ndani. Mama huyo hakukosa kiu.

Chukua Yeremia 29:11, mstari ambao akina mama wengi wanaujua kwa moyo. Asiyejiandaa ataunyanyua peke yake na kuahidi kwamba mlango utafunguka mwaka huu. Aliyejiandaa atakuwa ameanzia sura ya 28, ambako Hanania anatabiri kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Barua ya Yeremia kwa mateka walioko Babeli inakuja kupinga tumaini la namna hiyo: ni miaka sabini, basi jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae. Mama wa miaka hamsini aliyesikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye hatarudi. Na bado ndani yake kuna "mawazo ya amani wala si ya mabaya." Kwa mwanamke anayemuuguza mtoto kwa mwaka wa tisa, somo hili linashika. Lile la Hanania litamwacha chini itakapofika Desemba.

Ushauri wangu kwa kila mwanafunzi ni mmoja, na sitauacha: nakili kifungu chote kwa mkono, bila namba za mistari na bila vile vichwa vidogo vya habari. Mfalme wa Israeli aliagizwa kujiandikia nakala ya sheria (Kumbukumbu la Torati 17:18), basi na sisi tunaweza. Namba za mistari tunazotumia leo katika Agano Jipya aliziweka mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta, ila hukata sentensi. Nakili Waefeso 5 bila namba, uone "enyi wake, watiini waume zenu" inavyotoka moja kwa moja kwenye "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Katika baadhi ya nakala za Kiyunani za kale zaidi, mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake. Unaazima cha mstari wa 21. Mwalimu aliyeona hilo hawezi tena kufundisha mstari wa 22 kama amri iliyosimama peke yake.

Dada wa ile simu nilimpa Zaburi 81 ainakili. Asubuhi yake akanitumia picha ya ukurasa, na pembeni ya ile ngano na asali alikuwa ameandika, "Kumbe ni chakula." Sasa tunaweza kuanza kazi.

Dhana nyingine nitazigusa kwa ufupi.

"Akina mama wanataka vitu vyepesi." Hapana. Mariamu, ndugu yake Martha, aliketi miguuni pa Yesu kama Paulo alivyofundishwa miguuni pa Gamalieli, na Priskila pamoja na Akila walimweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wafundishe Warumi. Na Mithali 31 usiigeuze orodha ya kazi za nyumbani. Kuanzia mstari wa 10 ni shairi la mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania, na neno la Kiebrania lililo nyuma ya "mwema" katika "mke mwema" limo pia katika salamu ya malaika kwa Gideoni, "Ee shujaa." Boazi alilitumia kumsifu Ruthu (3:11) angali mjane. Wajane na wasioolewa hawana sababu ya kuinamisha vichwa kifungu hiki kinaposomwa.

"Bila Kiebrania na Kiyunani siwezi." Soma tafsiri mbili au tatu sambamba, tumia itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana), na pale tafsiri zinapotofautiana ndipo uulize. Neno moja la Kiyunani uliloliokota bila muktadha litakupotosha kuliko kutojua kabisa.

"Ushuhuda wangu ndio somo." Ushuhuda upewe dakika tano katika 45, tena baada ya kifungu kueleweka.

"Mariamu Magdalene alikuwa kahaba." Biblia haisemi hivyo popote. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, na mstari wa 3 unamhesabu pamoja na wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Aliyemuunganisha na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 na kumpa sifa hiyo kwa karne nyingi ni Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya mwaka 591. Tumeirithi kwa sababu kila mmoja alimnakili aliyemtangulia bila kufungua sura yenyewe. Mimi pia nilifundisha hivyo, na nilirudi kwa kundi lile lile la akina mama kusahihisha. Kama nawe ulishafundisha hivyo, omba nafasi ya dakika kumi urudi.