Asali ya Miombo ya Tabora: Kilichomo Ndani Yake na Kinachoiharibu

Asali inayorinwa katika misitu ya miombo mkoani Tabora hutokana kwa sehemu kubwa na maua ya miti kama mtundu, myombo na muba, na maua hayo ndiyo huipa rangi na ladha yake. Hata hivyo, kama ilivyo kwa asali nyingine za maua, sehemu kubwa yake ni sukari: fruktozi hukaribia asilimia 38, glukozi asilimia 31, na maji asilimia 17 hivi. Vitamini na madini yamo kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo anayeisifu asali kama chanzo cha vitamini anaisifu kwa kitu ambacho haina cha kutosha.

Sifa yake halisi ni uwezo wa kuzuia vijidudu. Maji machache na hali ya asidi huvinyima mazingira ya kuzaliana; zaidi ya hapo, nyuki huongeza kimeng'enya kiitwacho glukozi oksidezi ambacho, asali inapochanganyika na maji kidogo, hubadilisha glukozi kuwa asidi ya glukoniki na peroksidi ya hidrojeni, kemikali inayoua bakteria wengi. Kimeng'enya hicho hakivumilii moto. Anayechemsha masega ili asali ichujike haraka hukidhoofisha, na wakati huohuo huongeza HMF, kemikali inayotokana na sukari inapopashwa moto, ambayo viwango vya kimataifa vya vyakula viitwavyo Codex huiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za tropiki. Asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega nayo huwa na maji mengi, na ikizidi asilimia 20 huweza kuchacha.

Kuganda si dalili ya kuchakachuliwa, ingawa wanunuzi wengi huamini hivyo. Ni glukozi tu inayojitenga na kuwa chembechembe.

Kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mafua kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe kabisa, hata ya kulambishwa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari unaopoozesha misuli, ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzidhibiti. Mgonjwa wa kisukari aihesabu kama sukari. Vidonda hutibiwa hospitalini kwa asali maalumu iliyotakaswa kwa mionzi, si ile ya kwenye chupa ya jikoni.