Kompaila ikikubali, bado hujamaliza

Wanaoandika programu za maduka na sacco hapa Kisumu wana kauli wanazorithishana kuhusu violesura (orodha za kazi ambazo kipande cha programu kinaahidi kufanya) na ukaguzi wa aina (kuhakiki kama data ni namba, maandishi au kitu kingine). Baadhi yake zinawagharimu wateja pesa.

Dhana: Kompaila imekubali, basi programu iko sawa.

Ukweli: Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, hukagua umbo la msimbo, lakini haioni maana yake. Chukua kiolesura Malipo chenye metodi (kazi inayoitwa kwa jina) moja, lipa, inayopokea kiasi kama namba kamili. Klasi (kipande cha msimbo kinachotekeleza kiolesura) ya pesa taslimu inahesabu shilingi, ya kadi inahesabu senti. Zote mbili zinapita bila lawama. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye anauza omena ya 4,500, mteja analipa kwa kadi, na kinachokatwa ni shilingi 45. Unda aina ya Shilingi, na metodi lipa ipokee hiyo tu. Atakayepitisha namba tupu atakataliwa kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Dhana: Lugha ya Python haina aina.

Ukweli: Inazo, tena ni kali: ukijumlisha "5" na 3 inagoma. Tofauti ni kwamba inagoma programu ikiwa tayari inaendeshwa. Vidokezo vya aina (maandishi ya kusema kitu ni cha aina gani) vilivyokuja na Python 3.5 mwaka 2015 havilazimishwi na Python yenyewe. Ni zana kama mypy inayovisoma na kukuonya mapema.

Dhana: Lazima klasi itangaze kiolesura inachotekeleza.

Ukweli: Kwenye lugha ya Java, ndiyo. Kwenye Go, ambayo haina klasi, aina ikiwa na metodi zinazotakiwa inatosha. TypeScript nayo hulinganisha umbo, ila aina zake hufutwa msimbo ukigeuzwa kuwa JavaScript, kwa hiyo data inayotoka kwenye seva ikague mwenyewe.

Dhana: Kila klasi iwe na kiolesura chake.

Ukweli: Hapa ndipo naona kazi nyingi ikipotea bure. Kiolesura hubuniwa kwa kumwangalia anayekitumia. Sehemu inayochapisha risiti inataka kiasi na tarehe. Usiibebeshe metodi kumi za akaunti nzima.

Dhana: Kutumia instanceof (kuuliza kitu ni cha aina gani) ni uandishi mbovu.

Ukweli: Ikiwa kila njia mpya ya malipo inakulazimu kuongeza "if" nyingine sehemu tano, kiolesura chako kimepungukiwa na metodi. Lakini aina zikiwa chache na zinajulikana zote, kuzipambanua moja moja ni sawa kabisa. Java 21 ya mwaka 2023 inakuruhusu kufanya hivyo ndani ya switch (amri ya kuchagua njia moja kati ya kadhaa), na kwa aina zilizofungwa (ambazo orodha yake haiongezeki ovyo) kompaila inakataa ukisahau moja.