Shelisheli ina walimu tele? Dhana potofu kuhusu uwiano wa wanafunzi na walimu waliosomea ualimu

Ukishazoea kusahihisha madaftari ya mikondo minne, kuambiwa kwamba sekondari za Shelisheli zina wanafunzi 15 au pungufu kwa kila mwalimu ni kama kusimuliwa habari za peponi. Namba hiyo ikitajwa tu, watu wanagawanyika. Kuna wanaoona wivu, kuna wanaosema ni takwimu za kupikwa, na kuna wanaouliza kwa nini nchi iliyojaaliwa walimu kiasi hicho bado inaagiza wengine kutoka nje, wakiwemo Wakenya. Wote hao wameisoma vibaya.

Shelisheli ni visiwa 115 vyenye watu wapatao 100,000, na karibu wote wanaishi Mahé, Praslin na La Digue. Kipimo tunachokizungumzia hapa kinagawanya idadi ya wanafunzi wote kwa idadi ya walimu waliopata mafunzo ya ualimu. Mwalimu ambaye hakupata mafunzo hayo hahesabiwi, hata kama anaingia darasani kila siku. Taasisi ya Takwimu ya UNESCO inakifuatilia chini ya lengo la nne la Maendeleo Endelevu, kwenye kiashiria 4.c.2, na matokeo ya ngazi ya kwanza ya sekondari hutolewa peke yake, na ya ngazi ya juu peke yake. Kwa hiyo kabla hujalinganisha nchi mbili, tazama kama unalinganisha ngazi moja.

“Uwiano ukiwa 15, basi darasani wamekaa wanafunzi 15”

Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, hata na watu wa elimu. Chukua shule ya kubuni yenye madarasa matatu, kila moja wanafunzi 25. Darasa lina vipindi 40 kwa wiki, kwa hiyo kwa madarasa matatu ni vipindi 120. Mwalimu mmoja anabeba vipindi 24. Gawanya 120 kwa 24, unapata walimu watano. Wanafunzi 75 kwa walimu watano ni uwiano wa 15, wakati kila anayeingia darasani anakuta vichwa 25 vinamtazama.

Tofauti hiyo inatokana na ratiba. Mwanafunzi yuko darasani tangu kengele ya asubuhi hadi ya mchana, lakini mwalimu ana vipindi vya kuandaa somo, kusahihisha, na kusimamia mambo mengine ya shule. Ukiongeza walimu wakuu na walimu wa taaluma, ambao wanaweza kuhesabiwa kama walimu ingawa hufundisha vipindi vichache, namba inashuka tena bila darasa kupungua hata mtoto mmoja.

“Uwiano mdogo ni dalili ya walimu wa ziada”

Hapa ndipo visiwa vinapotofautiana na bara, na ndipo wengi wanapopotea.

Turudi kwenye ile shule ya walimu watano. Hisabati, Kiingereza, Kifaransa, fizikia, kemia, biolojia, jiografia, historia, kompyuta, michezo: nani atafundisha nini? Mwalimu wa msingi anaweza kubeba darasa lake karibu masomo yote. Sekondari haiendi hivyo. Wanafunzi wa Shelisheli wanaandaliwa kwa mitihani ya kimataifa ya Cambridge, na aliyesomea kufundisha Kifaransa huwezi kumtupia kemia kwa sababu tu ana nafasi siku ya Alhamisi. Kila somo linataka mtu wake, wawe wanafunzi 200 au 12.

Angalia La Digue. Kisiwa kina watu elfu mbili na mia kadhaa hadi elfu tatu hivi, na shule ya serikali inayomchukua mtoto tangu chekechea hadi sekondari. Kwenda Praslin kwa boti ni kama robo saa, na Praslin hadi Mahé ni karibu saa moja nyingine baharini. Mwalimu wa fizikia wa La Digue akiwa na vipindi vichache, huwezi kumwambia akamalizie zamu ya mchana katika shule ya Victoria, mji mkuu ulioko Mahé, kama ambavyo mwalimu wa mjini anavyoweza kuruka kwenye daladala kwenda shule ya pili. Ndiyo kusema, kisiwa kidogo kinalipa mshahara kamili kwa wanafunzi wachache, na kwenye karatasi kinaonekana tajiri wa walimu. Kwa macho yangu hiyo ni nauli ya bahari, na nisingeiita anasa. Tena huyo wa fizikia akiugua, hakuna wa kumshikia kipindi. Uwiano utasoma 10 huku somo zima limesimama.

Na hapo lile swali la Wakenya linapata jibu. Walimu wa kigeni huletwa kwa ajili ya masomo ambayo wenyeji waliosomea ualimu hawatoshi, hesabu na sayansi zikiwa mbele. Wastani wa nchi nzima hauwezi kukuonyesha pengo la somo moja.

“Mwenye digrii ni mwalimu aliyefuzu”

Watakwimu wanatenganisha mambo mawili ambayo sisi mtaani tunayachanganya. La kwanza ni elimu ya somo lenyewe, kwamba umesoma kemia kufikia kiwango kinachotakiwa. La pili ni kusomea kufundisha, yaani namna ya kuandaa somo, kupima wanafunzi na kulishika darasa la vijana wa miaka kumi na minne baada ya chakula cha mchana. Kipimo chetu kinaangalia hili la pili. Mhandisi mwenye digrii nzuri akiingia darasani bila mafunzo hayo anabaki nje ya hesabu, hata kama hesabu ndiyo anayofundisha.

Shelisheli ina chuo chake cha ualimu, kilichopo Mont Fleuri, Mahé, na Chuo Kikuu cha Shelisheli kilifunguliwa mwaka 2009. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka digrii ya chuo kikuu kwa kawaida alilazimika kuvuka bahari, na aliyevuka bahari hakuwa na uhakika wa kurudi kushika chaki.

“Aliyefuzu ni aliyefuzu, popote alipo”

Kiwango cha chini cha mafunzo kinawekwa na kila nchi yenyewe. Nchi moja itadai miaka mitatu, nyingine mwaka mmoja, nyingine kozi fupi ya kazini. Watanzania hawahitaji kuelezwa sana hapa: shule za kata zilipochipuka katikati ya miaka ya 2000, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani, watu wakawapa jina la walimu wa vodafasta. (Baadhi yao wamekuja kuwa walimu hodari sana, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Je, kijana yule alikuwa “mwalimu aliyepata mafunzo”? Jibu linategemea kanuni iliyoandikwa, na mwenye kalamu ni serikali ileile inayotuma takwimu.

Kwa hiyo 12 ya nchi moja na 12 ya nchi nyingine zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mimi huwa nauliza kwanza kanuni inasemaje, ndipo nitazame namba.

“Uwiano ukishuka, elimu imepanda”

Fikiria nchi ya kubuni yenye wanafunzi 300 na walimu 20 waliofuzu. Uwiano ni 15. Wanafunzi 60 wakiacha shule, wamebaki 240, na uwiano unakuwa 12. Hakuna mwalimu aliyeongezeka, kuna watoto 60 waliopotea, na jedwali linaonyesha mafanikio. Vizazi vikipungua matokeo ni hayohayo, ingawa sababu yake haina ubaya.

Tena hali inaweza kuzorota bila uwiano kusogea. Sema shule hizohizo zilikuwa na walimu wengine watano ambao hawajasomea ualimu, wakaachishwa kazi siku moja. Uwiano wa waliofuzu hausogei kwa sababu hao watano hawakuwemo tangu mwanzo. Vipindi vyao ndivyo vinavyobaki bila mtu. Kwa hiyo ni vizuri kuusoma uwiano huu sambamba na ule wa walimu wote, na pengo kati ya namba hizo mbili ndilo litakalokuonyesha ni wangapi wanafundisha bila mafunzo.

“Uwiano ukiruka ghafla, kuna mtu kadanganya”

Si lazima. Tuvalu, nchi ya watu kama 11,000 katika Pasifiki, inazitegemea sekondari mbili: Motufoua ya serikali, kisiwani Vaitupu, na Fetuvalu ya kanisa, mjini Funafuti. Katika nchi ya ukubwa huo, kwa mfano yenye wanafunzi 900 na walimu 60 waliofuzu, kumi wakienda masomoni uwiano unatoka 15 hadi 18 kwa muhula mmoja. Kwa Tanzania walimu kumi hawaonekani hata kwenye desimali.

Upo pia mruko wa kwenye karatasi tu. Wizara ikiamua kwamba kuanzia Januari mafunzo ya mwaka mmoja hayatoshi, sasa ni miaka miwili, walimu kadhaa wanalala wamefuzu na kuamka hawajafuzu. Uwiano unapanda, magazeti yanaandika kwamba hali imezorota, na Jumatatu asubuhi ni watu walewale kwenye ubao uleule, wanafundisha ratiba ileile ya Ijumaa.